Mbao Ngumu kwa Seremala wa Nyumbani: Bei ya Futi Inaficha Nini?

Katika mabohari ya mbao ya Nakuru na Kisumu, mbao huuzwa kwa futi ya urefu. Muuzaji hutaja upana na unene kwa inchi, kisha bei ya kila futi: sita kwa moja ni kiasi hiki, nane kwa moja ni kiasi kile, kumi na mbili kwa mbili ni kiasi kingine. Kwa mjenzi anayeezeka nyumba kwa saipresi utaratibu huu unatosha, kwa sababu anajua anachonunua na mbao zenyewe zitafichwa na dari. Hali ni tofauti kwa mtu anayefanya useremala nyumbani jioni na mwisho wa juma, anayetaka ubao mmoja wa mvule wa kutengenezea benchi ya barazani au vipande vichache vya mkangazi vya sanduku. Bei ya futi haimwelezi mambo matatu ambayo ndiyo yatakayoamua kama kazi yake itadumu: anapata mbao kiasi gani hasa, mbao hizo ni za mti gani, na zina maji kiasi gani ndani yake. Nitaanza na hesabu kwa kuwa ndiyo nyepesi, lakini la maji ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo wanunuzi wengi husahau kuliuliza.

Futi ya urefu hupima urefu peke yake. Futi moja ya ubao wa sita kwa moja ina nusu tu ya mbao zilizomo katika futi moja ya kumi na mbili kwa moja, na robo ya zile zilizomo katika kumi na mbili kwa mbili. Ili kulinganisha bei za vipimo tofauti ni lazima zote zirudishwe kwenye ujazo mmoja, na ujazo unaofaa ni wa kipande chenye urefu wa inchi 12, upana wa inchi 12 na unene wa inchi 1, ambacho hapa nitakiita futi ya ubao. Kanuni yake ni fupi: zidisha upana kwa inchi, unene kwa inchi na urefu kwa futi, kisha ugawe kwa 12. Tuseme, kwa bei za mfano tu, kwamba kumi na mbili kwa mbili inauzwa shilingi 600 kwa futi na nane kwa moja inauzwa shilingi 240. Ya kwanza inaonekana ghali mara mbili na nusu, lakini kila futi yake ina futi 2 za ubao, yaani shilingi 300 kwa kila moja, ilhali ya pili ina theluthi mbili tu ya futi ya ubao, na kwa hiyo futi nzima ya ubao inamgharimu mnunuzi shilingi 360. Anayemjua fundi mwenye mashine ya kupasulia anaweza kununua ubao mnene na kuugawa. Hata hivyo faida hiyo haiji bure, kwa sababu msumeno wenyewe hula milimita kadhaa kila unapopita, ubao mnene mara nyingi huwa bado mbichi katikati, na nusu mbili zilizopasuliwa huweza kujikunja siku chache baadaye.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayokuambia ununue kiasi gani. Chukua meza ndogo ya sebuleni yenye uso wa futi 4 kwa futi 2 na unene wa inchi 1: uso peke yake ni futi 8 za ubao. Miguu minne ya mbili kwa mbili, kila mmoja inchi 18, inaongeza futi 2. Mbao za kuzunguka chini ya uso, tuseme jumla ya futi 10 za nne kwa moja, zinaongeza futi 3 na theluthi. Jumla inakaribia futi 13 na theluthi, lakini anayenunua kiasi hicho hasa atarudi dukani kabla ya kumaliza, kwa kuwa ncha zenye nyufa hukatwa, mafundo huepukwa, na kingo hupigwa randa mpaka zinyooke. Kwa mbao ngumu zisizopigwa randa ni busara kuongeza robo hadi theluthi, hivi kwamba meza hii inahitaji futi 17 hivi za ubao. Inafaa zaidi kununua za ziada siku hiyohiyo kutoka rundo lilelile, kwani rangi na nyuzi za mti mmoja ni shida kuzipata tena wiki mbili baadaye.

Kuna pia swali la inchi yenyewe. Ubao unaoitwa wa inchi moja ni wa inchi moja siku ulipopasuliwa, na hapo ni kama mpasuaji alikuwa makini. Mbao zilizopasuliwa porini kwa msumeno wa injini, ule ambao mafundi wengi huuita pawaso, huweza kuwa na unene wa inchi moja na robo upande mmoja na chini ya inchi upande mwingine. Zikikauka zinapungua, na zikipigwa randa pande zote mbili zinabaki milimita 20 au pungufu. Anayehitaji milimita 25 zilizokamilika anunue mbao za inchi moja na nusu, au akubali kubadilisha mchoro wake. Nenda na tepu yako na upime katika ncha zote mbili na katikati. Muuzaji mzoefu hatachukizwa, na anayechukizwa amekupa jibu.

Tukija kwenye aina ya mti, hapo ndipo majina yanapochanganyika. Kitaalamu mbao ngumu ni za miti yenye majani mapana na mbao laini ni za jamii ya misonobari kama saipresi, paina, mwerezi na podo, na mgawanyo huo hausemi lolote la uhakika kuhusu ugumu. Musizi, mti unaokua haraka Uganda na magharibi mwa Kenya, uko katika kundi la mbao ngumu ingawa ni mwepesi na huchubuka kwa urahisi. Bohari nalo lina lugha yake. Huko neno mahogani linaweza kumaanisha mkangazi halisi, yaani miti ya jenasi Khaya, au ndugu zake wa jenasi Entandrophragma kama sapeli, na kwa muuzaji asiye mwaminifu linaweza kumaanisha mkaratusi wowote mwekundu uliopakwa rangi kidogo. Kile kinachoitwa tiki ya Elgon hakina undugu na msaji, yaani tiki halisi. Ni mti wa jamii ya mzeituni, mzito na mgumu sana, na mwaloni wa Meru si mwaloni. Majina haya si makosa kwa wanaoyatumia kila siku, lakini mnunuzi anayesoma maelezo ya msaji au mwaloni kutoka nchi nyingine kisha akayatumia kwa mbao zenye majina hayo hapa kwetu atashangaa kazi itakapogoma.

Kutambua aina kunahitaji uso mpya wa mbao. Ubao uliokaa juani kwa mwaka mmoja huwa wa kijivu uwe mvule au mkaratusi, kwa hiyo omba ruhusa ya kukwangua sehemu ndogo kwa kisu au randa ya mkono, na uchonge kichwa cha ubao mpaka kiwe laini. Mvule uliotoka kukatwa ni wa manjano na hugeuka kahawia ya dhahabu ukipata mwanga. Matundu yake ni makubwa, na mara kwa mara huwa na madoa meupe magumu ya chokaa iliyojikusanya ndani ya mti, ambayo humaliza makali ya msumeno kwa pigo moja. Mkangazi ni wa waridi hadi kahawia nyekundu, mwepesi kuliko unavyotarajia kwa rangi yake, na nyuzi zake zinazopishana huonyesha mistari inayobadilika mwangaza ukiugeuza ubao. Mkaratusi mwekundu ni mzito zaidi, nyuzi zake ni ndefu na zilizonyooka, na mara nyingi ncha zake zimepasuka kuanzia katikati kuelekea nje. Uzito ni shahidi mzuri iwapo mbao zinazolinganishwa zimekauka sawasawa. Mkangazi mkavu una takriban kilo 550 hadi 650 kwa mita ya ujazo, mvule karibu 650, na tiki ya Elgon hupita 850, ilhali saipresi hukaa katikati ya 400 na 500.

Asili ya mbao hizi ni sehemu ya maelezo, kwa kuwa inagusa bei na sheria pia. Elburgon na Molo, miji ya mbao ya kaunti ya Nakuru, imejengwa juu ya saipresi na paina za mashamba ya misitu ya serikali, wala si mbao ngumu. Februari 2018 serikali ilisitisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, na Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza akiwa Molo kwamba katazo hilo linaondolewa. Lakini tangazo hilo lilihusu hasa miti iliyokomaa ya mashamba hayo. Miti ya kiasili ya misitu ya asili kama Kakamega, ambao ni kipande cha mashariki kabisa cha msitu wa mvua wa Kongo, si bidhaa ya kuuzwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mvule na mkangazi unaouzwa Kisumu na Nakuru huwa umevuka mpaka wa Busia au Malaba kwenye malori kutoka Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tangu mwaka 2023 miti ya Khaya ya Afrika imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, maana yake biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali, kama inavyohitajika kwa mti wa Prunus africana, yaani muiri, tangu 1995.

Seremala wa nyumbani anayenunua mbao tano hatasimamishwa kuulizwa habari za CITES, lakini ana sababu mbili za kutaka karatasi. Ya kwanza ni ya vitendo: kusafirisha mbao nchini kunahitaji kibali cha Shirika la Huduma za Misitu, KFS, na anayepakia mbao kwenye pikapu bila risiti wala nakala ya kibali cha muuzaji anajitafutia mazungumzo marefu kwenye kizuizi cha barabarani. Ya pili ni ya dhamiri, na kila mtu anaijua bila kuhubiriwa. Niongeze kwamba muuzaji anayeweza kusema mbao zake zilivuka mpaka gani na lini kwa kawaida ndiye anayeweza pia kusema zimekaa bohari kwa muda gani, na habari hiyo ya pili ina thamani kubwa kwako kuliko ya kwanza.

Hapa ndipo tunapofika kwenye maji. Mti uliosimama una maji ya namna mbili: yaliyojaa ndani ya mirija yake, na yaliyoshikwa na kuta za mirija hiyo. Unyevu hupimwa kwa kulinganisha uzito wa maji na uzito wa mbao kavu kabisa, kwa hiyo gogo bichi linaweza kuwa na unyevu wa asilimia 60, 80, hata zaidi ya 100. Maji ya ndani ya mirija hutoka kwanza, na yanapotoka ubao unakuwa mwepesi tu, haubadiliki umbo. Unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 hivi, kuta zenyewe zinaanza kupoteza maji, na hapo ndipo ubao unapoanza kusinyaa. Husinyaa mpaka ulingane na hewa inayouzunguka. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mbao zilizomo ndani ya nyumba hutulia karibu na asilimia 12, zikipanda kidogo wakati wa mvua za masika na kushuka katika kiangazi cha Januari na Februari, na huendelea kupanda na kushuka hivyo maisha yao yote, hata baada ya kupakwa vanishi.

Kusinyaa huko si sawa pande zote. Kwa urefu, ubao haupungui kiasi cha kujali. Kwa upana, mbao zilizopasuliwa sambamba na pete za ukuaji hupungua takriban mara mbili ya zile zilizopasuliwa kuelekea moyo wa mti. Tofauti hiyo ndiyo mama wa karibu kila kasoro tunayoilaumu kwa fundi: ubao unaojikunja kama bakuli, mguu wa meza wa mraba unaogeuka kuwa mshazari, droo inayokataa kufunguka. Mvule ni mpole kwa kipimo hiki, na hii ni sababu mojawapo ya heshima yake. Ubao wake wa inchi 12, kutoka ubichi hadi asilimia 12, hupoteza robo inchi hivi. Mkaratusi wa upana huohuo unaweza kupoteza nusu inchi au zaidi. Na hata ubao wa mkangazi wa upana huo unaouzwa kama mkavu, lakini ukiwa bado na unyevu wa asilimia 20, utapungua milimita 4 hivi ukiwa tayari umegundishwa kwenye meza yako. Gundi nzuri haitaachia. Mbao ndizo zitakazopasuka.

Muuzaji akisema ubao ni mkavu kabisa, mara nyingi hadanganyi kwa maana yake mwenyewe. Kwake mkavu ni ubao usiotoa maji ukipigwa msumari na uliobadilika rangi juu. Malori yanayovuka Busia hubeba mbao zilizopasuliwa majuma machache yaliyopita, hupangwa zikiwa zimebanana, na zikifika bohari husimamishwa wima zikiegemea ukuta, ambapo uso hukauka upesi na katikati hubaki kama ilivyokuwa. Ukiugusisha ubao wa namna hiyo shavuni huwa baridi kuliko ubao mkavu wa kando yake, ukiugonga kwa kifundo cha kidole hutoa sauti nzito isiyolia, na ukiunyanyua pamoja na mwingine wa vipimo vilevile tofauti ya uzito hujitokeza. Njia hizi ni za kuchagua kati ya mbao mbili. Haziwezi kukupa namba.

Namba hupatikana kwa njia mbili. Kipima unyevu cha umeme chenye sindano mbili ni chombo kidogo, na kwa mtu anayekusudia kununua mbao ngumu zaidi ya mara moja kinarudisha gharama yake upesi. Lakini hupima pale sindano zilipofika tu, kwa hiyo mwombe muuzaji akate kipande kidogo mbali na ncha ya ubao, kisha upime kwenye kidonda hicho kipya. Njia ya pili haihitaji chombo cha kununua. Kata kipande chembamba kutoka katikati ya ubao, usikichukue kwenye ncha kwa sababu ncha hukauka mapema kuliko kwingine, ukipime kwenye mizani ya jikoni, kisha ukiweke ndani ya oveni yenye joto la nyuzi 100 hivi, ukikitoa na kukipima mara kwa mara mpaka uzito uache kushuka. Kilichokuwa na gramu 130 kikiishia gramu 100 kilikuwa na unyevu wa asilimia 30, na ubao uliotoka humo usiuguse kwa patasi bado.

Baada ya maji, kagua kichwa cha ubao. Hapo ndipo unaposoma namna ulivyopasuliwa. Mistari ya pete ikisimama wima kati ya uso wa juu na wa chini, ubao huo utatulia. Huo ndio wa kutengenezea uso wa meza au mlango. Mistari ikilala kama upinde, ubao utataka kujikunja kuelekea upande wa gome, nao unafaa kwa vipande vyembamba. Katika miti ya ukanda wetu, ambako majira hayatofautiani sana, pete huwa hafifu na inabidi uchonge kichwa mpaka king'ae, kisha utafute mistari myembamba inayotoka moyoni kuelekea gome; hiyo huzikata pete kwa kuvuka, kwa hiyo ikilala sambamba na uso wa ubao, pete zimesimama wima. Ukiona moyo wenyewe wa mti ndani ya ubao, uache. Utapasuka, leo au mwaka ujao. Katika mkangazi wa magogo makubwa tazama pia mikunjo myembamba inayokata nyuzi kwa kuvuka, kwani ni dalili kwamba nyuzi zilivunjika mti ukiwa bado umesimama, na ubao wa namna hiyo hukatika ghafla kama biskuti.

Ukingo mweupe wa ubao ni jambo jingine la kuangaliwa. Sehemu hiyo ya nje ya mti huwa na wanga, na wanga ndio chakula cha bungua, vijidudu vinavyotoboa matundu ya milimita moja au mbili na kuacha unga laini kama wa ngano. Hawashambulii saipresi wala paina, kwa hiyo anayehama kutoka mbao laini huwa hana habari nao. Kiini cha mvule kinawahimili bungua na mchwa vizuri, lakini weupe wa mvule huohuo hauna kinga. Nusu ya mbao za bei nafuu ninazoonyeshwa zina weupe wa inchi mbili kila upande. Ukiutoa kwenye hesabu ya futi ya ubao, bei nafuu inatoweka.

Kazi ya mashine inastahili maneno machache kwa sababu watu wengi hulipa na kukasirika. Mafundi wa Kibuye pale Kisumu, kama wenzao wa Nakuru, hupiga randa kwa mashine kwa malipo ya futi. Mashine ya kusawazisha unene huukandamiza ubao kwa magurudumu yake ukiwa unapita, kwa hiyo ubao uliopinda huingia umenyooshwa kwa nguvu, hupunguzwa unene, kisha hutoka ukiwa laini na umepinda vilevile. Uso mmoja ni lazima usawazishwe kwanza, kwa mashine ya kunyooshea uso au kwa randa ya mkono, ndipo uso wa pili upelekwe kwenye mashine ya unene. Fundi akiwa na haraka ataruka hatua ya kwanza usipoitaja. Mkangazi na mvule, kwa kuwa nyuzi zake hupishana, hung'oka vipande vidogo mbele ya kisu butu; omba kupitishwa kidogokidogo, na uache milimita mbili za kumalizia nyumbani kwa randa yenye makali au kwa msasa. Vumbi la mvule huwasha ngozi na mapua ya watu wengi, na vumbi la mbao ngumu kwa jumla limeorodheshwa na wakala wa Shirika la Afya Duniani wa utafiti wa saratani miongoni mwa vitu vinavyosababisha ugonjwa huo. Barakoa ni sehemu ya bei ya mbao.

Kutokana na haya yote, maoni yangu ni kwamba seremala wa nyumbani wa magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa hulipa pesa nyingi kwa jina la mahogani, ilhali mbao zinazomfaa zaidi ziko kwenye mipaka ya mashamba ya jirani zake. Grivilea imepandwa kando ya mashamba ya kahawa na chai kwa vizazi kadhaa. Mbao zake ni za waridi kahawia, na zikipasuliwa kuelekea moyo huonyesha madoa yanayometameta ambayo sijaona mkangazi ukiyashinda. Wenye ngozi nyepesi wavae glavu, kwani huwasha. Siala, ambayo Waluhya huiita lusiola, inamea karibu kila boma kutoka Siaya hadi Vihiga, ni ya kahawia ya manjano, na huvumilia mchwa kwa kiasi. Jakaranda, ule mti wa kando ya barabara za Nakuru, ni laini kuchonga na hautoi shida nyingi ukikauka. Mwembe mzee usiozaa tena una michoro ya kupendeza, mradi upasuliwe mara moja baada ya kukatwa, la sivyo ukungu huupaka buluu.

Miti hiyo huuzwa ikiwa imesimama au ikiwa gogo, na hapo mnunuzi hana budi kuikausha mwenyewe. Mkubaliane kwanza na mwenye shamba ni nani atakayeshughulikia ruhusa ya kukata na kibali cha kusafirisha. Mpasuaji aelekezwe apasue kwa unene wa inchi moja na robo ili kubaki nafasi ya kusinyaa na kupiga randa. Siku hiyohiyo paka vichwa vya mbao rangi ya mafuta au nta, kwa kuwa maji hutoroka upesi zaidi kupitia vichwa kuliko kupitia nyuso, na nyufa huanzia huko. Panga mbao chini ya paa, mahali penye upepo lakini pasipo na jua, zikiwa zimeinuliwa futi moja kutoka ardhini, na kati ya kila tabaka weka vijiti vya inchi moja vilivyokauka, kila baada ya nusu mita, kijiti kikisimama juu ya kijiti. Weka mawe au matofali juu ya rundo zima. Weupe ukiwa mwingi, pakaza myeyusho wa asidi ya boriki na boraksi mbao zikiwa bado mbichi, maana zikishakauka myeyusho hauingii ndani.

Kanuni ya mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene ilitungwa katika nchi za baridi. Hapa kwetu grivilea ya inchi moja iliyopangwa mwanzo wa kiangazi inaweza kufikia unyevu wa hewa baada ya miezi michache, ilhali mvule na mbao nzito za inchi mbili huhitaji subira ndefu zaidi. Kalenda isikuamulie. Chagua ubao mmoja wa katikati ya rundo, uandike uzito wake kwa penseli kwenye ubao wenyewe pamoja na tarehe, na uupime kila baada ya wiki mbili. Uzito ukikaa palepale mara tatu mfululizo, ziingize mbao zote ndani ya nyumba itakayokaa samani hiyo, uzipange tena kwa vijiti, na uanze kukata baada ya wiki nyingine mbili au tatu.